Biskuti ya Tumsifu: Mpishi wa Kikuyu aokaye Krismasi bila yai wala maziwa

Saa mbili na nusu asubuhi, jikoni kwa Ursula Batholomeo haingii mtu hivi hivi. Mlangoni pamewekwa beseni la maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni ya mche, na mlinzi. Mlinzi anaitwa Geofrey. Ana miaka mitano, amevaa aproni inayomfika vifundoni, na leo hana masihara na mtu.

"Umekunywa maziwa leo?" anamuuliza kila anayefika.

Mwalimu Witness, mkuu wa kituo hiki cha kulelea watoto kiitwacho Tunu, kilichopo Kikuyu jijini Dodoma, anatoka ofisini akiwa na kikombe mkononi. Anataka kuchungulia tu, kama kawaida yake.

"Mwalimu, hiyo chai ya maziwa?"

Witness anakitazama kikombe, kisha anamtazama Geofrey.

"Ya maziwa, baba."

"Basi huingii. Nawa kwanza. Mpaka hapa," anasema mtoto, akishika kiwiko chake.

Na mkuu wa kituo, mwanamke mzima mwenye walimu watano chini yake, anaweka kikombe dirishani, anakunja mikono ya blauzi na kunawa. Ndani, Ursula anacheka mpaka kilemba kinalegea, ila hamwokoi bosi wake.

"Amri nimeitoa mimi," anasema. "Nikiilegeza kwa mkubwa mmoja, basi hakuna amri tena."

Ni Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, siku ya biskuti. Watoto, Wakristo kwa Waislamu, wamezunguka meza mbili fupi, nyuso zimepakaa unga, na kelele zake acha tu. Wanasukuma madonge kwa chupa tupu za soda zilizochemshwa. Wanakata maumbo kwa vibati vya nyota, jogoo na nyumba. Mmoja amekataa vibati, anaunda bajaji.

Biskuti zenyewe hazina yai. Hazina maziwa, hazina siagi, hazina chochote kilichotoka kwa mnyama. Ndizi mbivu iliyopondwa imeshika nafasi ya yai. Mafuta ni ya alizeti, yaliyokamuliwa hapa hapa mkoani. Unga wa uwele umechanganywa na wa ngano, karanga za kusaga zinaleta utamu na unono, na juu ya kila biskuti zinapachikwa zabibu kavu tatu.

Kwa nini tatu? "Nikisema wachukue wanavyotaka, nusu zinaishia tumboni kabla moto haujawaka," anajibu Ursula. "Hawa nawajua."

Karibu na dirisha kuna kiti cha plastiki cha bluu ambacho hakina mtu. Ni cha Tumsifu, binti wa miaka sita anayeanza darasa la kwanza mwezi ujao. Amesoma hapa Tunu miaka mitatu, na hajawahi kula biskuti ya Krismasi na wenzake ikaisha salama. Yai likimgusa, ngozi inatoka mabaka. Maziwa ndiyo balaa lenyewe, kwani midomo inavimba na pumzi inambana. Ana mzio, na leo ni nafasi yake ya mwisho hapa kituoni.

Mama yake, Aneth, ameahidi kufika naye saa nne. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu. "Nitakuja, nitaangalia kwa macho yangu, halafu nitaamua," alimwambia Ursula kwa simu jana jioni.

Ndiyo maana mpishi huyu anaitazama saa ya ukutani kila baada ya dakika mbili.

"Mwandishi, nisikufiche," anasema, mikono imezama kwenye unga. "Hawa wote wakila wakashiba, na yule mmoja asile, mimi leo sijapika."

Ursula ana miaka 54. Alizaliwa Kwa Mtoro, wilayani Chemba, mtoto wa tano wa mkulima wa uwele aliyekuwa na ng'ombe wachache. Kiswahili alikikuta shuleni. Lugha ya kwao ni ile yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa, na watoto wa Tunu wanaipenda kuliko katuni.

Hata kuoka anaoka kwa lugha hiyo.

"Biskuti ikitoka motoni naigonga chini kwa kucha," anaeleza. "Ikisema pu, ni mbichi, irudi. Ikilia hivi..." Anapiga kidoko kimoja kikavu, na watoto wote wanamjibu kwa vidoko vyao, jiko zima linagongagonga. "Hapo imeiva. Sauti hiyo kwetu imo ndani ya maneno. Kwa hiyo mimi biskuti naisikia kwa lugha ya mama."

Alifika Dodoma mjini miaka kumi na tisa iliyopita akiwa na watoto watatu na sufuria mbili. Akaosha vyombo, akauza chakula Majengo, akafunguliwa mlango hapa Tunu miaka minane iliyopita. Mshahara wake ni shilingi 220,000 kwa mwezi. Chumba chake Msalato kinakula elfu thelathini na tano, na nauli inakula sehemu yake. Kwa fedha hizo hizo mwanawe wa kwanza, Gabrieli, amekuwa fundi umeme. Ndiyo sababu watu wazima humwita Mama Gabrieli. Watoto wa kituo humwita Bibi Ursula, na humwamkia shikamoo kila wakipita jikoni, hata mara sita kwa siku, kwa kuwa wamegundua kwamba shikamoo wakati mwingine hujibiwa kwa kipande cha kiazi.

"Cheti cha upishi sina hata kimoja," anasema, na hapo anaunyoosha mgongo. "Ila muulize mtoto yeyote hapa kama ameshawahi kurudi kwao na njaa."

Jambo la mwaka jana ndilo lililomfanya awe mpishi huyu wa leo. Kabla hajaulizwa, analileta mwenyewe mezani.

"Liandike lote. Usinifichie."

Aneth ni mtumishi katika ofisi moja ya serikali. Alihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam miaka mitano iliyopita, Tumsifu akiwa wa mgongoni. Alipomleta Tunu alimpa Mwalimu Witness barua ya daktari, akasema maneno machache: mwanangu hali yai, hatumii maziwa, karanga hazina shida naye. Chakula chake kilitoka nyumbani kwenye hotpoti. Sikukuu zikifika, wenzake wakila biskuti, yeye alikaa pembeni akamenya ndizi yake.

"Anawatazama wenzake, halafu ananigeukia mimi anatabasamu, eti nisijisikie vibaya," anasimulia Ursula. "Mtoto wa miaka minne! Mimi nilikuwa naingia stoo najifanya natafuta chumvi, kumbe nafuta macho."

Basi Desemba iliyopita akaamua kwamba imetosha. Akaketi na Aneth, akamtajia kila kitu atakachotia: unga, sukari, mafuta ya alizeti, ndizi. Aneth akaridhika, tena akafurahi. Siku ikafika, Tumsifu akaketi na wenzake mezani, akapewa biskuti yake, akaila yote, akalamba na vidole.

Robo saa haikupita. Mtoto akaanza kujikuna shingo. Midomo ikajaa. Mwalimu Witness alimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, na Ursula akafuata nyuma yao kwa bodaboda akiwa na aproni kiunoni na unga mikononi.

Hospitalini Tumsifu alichomwa sindano, pumzi ikarudi. Daktari akaanza kuuliza, na kila mtu akaapa kwamba biskuti haikuwa na yai wala maziwa. Ursula aliapa kuliko wote.

"Daktari akanitazama, akaniambia, mama, trei mlipaka nini ili zisigande? Nikamjibu haraka haraka, samli tu, daktari. Akaniuliza, samli inatoka wapi? Nikasema, kwa ng'ombe." Mikono ya Ursula inasimama ndani ya beseni kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikalisikia neno langu mwenyewe linatoka. Nikakaa chini sakafuni pale pale."

Asiyekulia kwenye nyumba za wafugaji anaweza kumcheka. Kwao Ursula, maziwa ni yale ya kunywa na yale ya mgando, basi. Samli ni mafuta. Inakaa rafu moja na mafuta ya alizeti, inapakwa chungu, inapakwa mwili wa mtoto mchanga, inapakwa kisigino kilichopasuka. Tena chupa ile ilikuwa zawadi ya sikukuu, imetumwa kwa basi na mama yake mzazi kutoka Kwa Mtoro. Ursula alionelea kazi nzuri kama ile inastahili mafuta ya heshima. Kama angekuwa na haraka au uvivu, angepaka ya alizeti, na mtoto angekula salama.

Aneth hakumfokea. Alimjia pale kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Gabrieli, nilikuamini."

"Angenitukana, ningelala," anasema Ursula. "Lile neno lilikaa na mimi mwaka mzima."

Wazazi kadhaa walitaka afukuzwe. Mwalimu Witness alimsimamisha majuma mawili bila malipo.

"Na sijutii," anasema Witness, ambaye sasa amenawa na ameruhusiwa kuingia. "Lakini siku ya kumi na tano nafika asubuhi, namkuta amekaa kwenye ngazi na daftari. Ameandika jina la kila mtoto wa kituo hiki na kila kitu kinachomdhuru. Alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu yake kuwauliza wazazi, na wengine walimfungia mlango. Sasa wewe mtu wa namna hiyo unamfukuza vipi?"

Hakumfukuza. Ila wazazi walisema wazi, na Aneth alikuwa miongoni mwao: Tumsifu atabaki kituoni, chakula chake ni cha nyumbani tu, na siku ya biskuti mwakani asije kabisa.

Kilichofuata hakikuwa lelemama. Ursula alinunua seti mpya ya trei, mwiko, beseni na sufuria, akavipaka rangi nyekundu kwenye mishikio na kuvifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Ufunguo anautembeza shingoni. Vyombo hivyo havijaonja maziwa tangu vizaliwe, kama anavyopenda kusema.

Kisha akaanza kuuliza maswali sokoni mpaka wauzaji wakamchoka. Siku moja alikuwa Majengo na kopo la majarini mkononi, anaona picha ya ua la alizeti kwenye kifuniko, moyo umetulia. Munira, binti anayemuuzia karanga na mafuta, akamnyang'anya kopo, akasoma maandishi madogo ya Kiingereza ya nyuma.

"Mama, hii ina maziwa ya unga," akamwambia. "Ua ni la urembo tu."

"Nilitaka kuzimia," anasema Ursula. "Tangu siku ile, kitu chenye maandishi nisiyoyasoma hakiingii jikoni mwangu mpaka Munira asome. Na yeye naye amekuwa mkali siku hizi! Amenikataza hata chumvi moja, eti haijaandikwa vizuri."

Likabaki suala la biskuti yenyewe. Bila yai na siagi ilikuwa inatoka ngumu kama kigae. Ursula akakumbuka magadi ya kupikia mlenda. Alijua magadi yakikutana na kitu kichachu yanaumuka, na kichachu cha Dodoma kinajulikana, ni unga wa ubuyu. Akachanganya. Jirani yake wa Msalato, fundi bati Optatus, ndiye aliyemtengenezea oveni kutoka nusu pipa, mkaa chini na mkaa juu, na malipo yake yalikuwa kuonja. Aliitafuna ile ya kwanza, akasimama, akaenda kutema nyuma ya nyumba.

"Mama Gabrieli," akarudi akisema, "hii ni biskuti au sabuni?"

Magadi yalizidi. Akapunguza, ikawa ngumu tena. Akaongeza ndizi, ikawa mkate. Ilikuwa hivyo baadhi ya Jumapili baada ya ibada, kuanzia Machi hadi Agosti, mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja Optatus alikula biskuti saba, akaomba nyingine za kumpelekea mkewe. Vibati vya nyota na jogoo alivikata siku hiyo hiyo kutoka kwenye kopo la rangi jipya lisilowahi kutumika, na fedha alikataa.

Novemba, Ursula akaandika vitu vyote kwenye karatasi moja, kila kitu na duka kilikotoka, akaipeleka kwa Aneth. Hakuomba lolote. Alisema, "Mama Tumsifu, muonyeshe daktari. Akikuambia hapana, nitaichana." Daktari hakusema hapana. Aneth naye hakusema ndiyo. Majuma matatu yakapita, mpaka simu ya jana.

Saa nne na dakika kumi, lango linalia. Aneth anaingia uani akiwa amevaa suti ya kazini, mkoba umebanwa kwapani. Tumsifu ametangulia hatua mbili, nywele zimesukwa upya, anataka kukimbia lakini mkono wa mama umeushika wake.

Ursula anawaona kupitia dirishani. Anajifuta mikono kwenye aproni mara mbili, mara tatu, na hasogei.

"Shikamoo, Mama Gabrieli," anaamkia Aneth kutoka nje.

"Marahaba, mama. Karibuni." Sauti yake imekuwa ndogo.

Aneth anasogea mlangoni, na hapo anakutana na Geofrey.

"Umekunywa maziwa leo?"

Aneth anashtuka. "Nani, mimi?"

"Ndiyo, wewe mama. Umekunywa?"

Kwa miaka sita mwanamke huyu ndiye amekuwa anauliza swali hilo. Ameliuliza kwenye harusi na kwenye misiba, hotelini na kwa mashemeji, akaonekana msumbufu, akaambiwa anamdekeza mtoto. Leo anaulizwa yeye. Na kwa kuwa ni mkweli, inambidi afikiri.

"Nimekunywa chai ofisini," anasema taratibu. "Ilikuwa ya maziwa."

"Ehee!" Geofrey anageuka kuwaambia wenzake kwa fahari kubwa. "Mama Tumsifu amekunywa maziwa!"

"Anawe!" watoto wanapiga kelele. "Anawe mpaka kwenye kiwiko! Na mdomo!"

"Tumsifu akila maziwa anaumwa," Geofrey anamfafanulia mgeni, kwa upole, kama mtu ambaye huenda hajaambiwa. "Sisi wote leo tumekunywa chai ya rangi."

Aneth anaangalia meza. Vikombe vya asubuhi bado vimepangwa kwenye kona, vyote vina masalia ya chai ya rangi. Kisha anainama kwenye beseni. Ananawa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kichwa kimeinama, na anapokiinua maji usoni mwake si ya beseni peke yake.

"Nani amewafundisha?" anauliza.

"Bibi Ursula," wanajibu kwa pamoja.

Aneth anaingia. Anaonyeshwa sanduku, kufuli na mishikio myekundu. Anainusa chupa ya mafuta. Anapitisha kidole kwenye trei na kukitazama. Ursula anasimama kando mikono nyuma, hajitetei. Aneth anamaliza, anavuta pumzi, na anauachia mkono wa mwanawe.

"Haya. Nenda kakae na wenzako."

Kelele zilizopigwa hapo hazifai kuandikwa gazetini. Tumsifu anakimbilia kiti chake cha bluu, anapewa donge na kibati cha nyota. Kibati anakiweka pembeni. Anafinyanga kwa mikono, ulimi nje, na anapomaliza anatangaza kwamba hicho ni kiatu chake cha darasa la kwanza. Zabibu tatu ni matundu ya kamba.

Kiatu kinaingia motoni. Kinatoka. Ursula anakigeuza na kumnyooshea mwenyewe akigonge. Kinatoa sauti kavu, na watoto wanajibu kwa vidoko.

Tumsifu anang'ata kisigino kwanza.

Aneth ameketi nyuma yake, mkoba wazi mapajani, dawa na sindano ya dharura juu ya vitu vingine vyote, simu mkononi inahesabu dakika. Ursula hawezi kutazama. Anaosha sufuria moja ile ile mara tatu. Dakika kumi na tano zinapita, zile za mwaka jana. Mwalimu Witness anamshika bega, naye Ursula analitikisa bega mkono uondoke. Nusu saa. Mtoto anabishana na jirani yake kama bajaji ina taa ngapi. Inatimia saa nzima, na shingo ya Tumsifu ni safi, midomo yake ni ile ile ya kawaida, imejaa chenga tu.

"Mama," anasema akigeuka, "naomba nyingine. Hii ilikuwa ya mguu mmoja."

Aneth anacheka. Anafunga zipu ya mkoba, anasimama, anamwendea Ursula pale kwenye sinki.

"Mama Gabrieli, na mimi nipe moja."

Ursula anamkabidhi, na hapo tena hajizuii. Analia wazi wazi, mbele ya watoto, mbele ya bosi na mbele ya mwandishi, mkono mmoja umeshika sufuria.

"Furaha tu," anawatuliza watoto waliotoa macho. "Kuleni, kuleni. Hii ni furaha."

Baadaye, watoto wakiwa uani, wanawake hao wawili wanaketi kwenye benchi. Aneth ana jambo. Januari, Tumsifu anakwenda shule ya msingi yenye mamia ya wanafunzi, jiko kubwa la uji, wapishi asiowajua. Barua ya daktari anayo, lakini barua alikuwa nayo na mwaka jana.

"Siku ya kwanza nitakwenda kuzungumza na wapishi wa kule," anasema. "Naomba twende wote. Wewe utawaambia yale ambayo mimi siyajui kuyasema."

Ursula anamtazama kuona kama anatania. Hatanii.

"Nitakuja," anasema. "Hata kwa miguu nitakuja."

Mwalimu Witness ameshampa ruhusa, tena amesema vituo vingine viwili vya jirani vimeomba Ursula avitembelee. Wazazi wale waliotaka afukuzwe, mmoja wao ndiye aliyepeleka habari huko. Ursula anasema akimaliza hivyo vya mjini, anataka kwenda Chemba, kwenye shule ya kijijini kwao, kwa sababu anaamini watoto kama Tumsifu wapo na huko, ila huitwa wagonjwagonjwa tu na hakuna anayejua sababu.

Atawaambia nini wapishi wenzake, yeye ambaye hana cheti?

"Sitawafundisha kupika, kupika wanajua," anasema Ursula, akiuvua ufunguo shingoni kuhifadhi vyombo vyake. "Nitaanza kwa kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyempeleka mtoto wa watu hospitali. Nitataja na samli, na chupa, na nani aliituma. Nikishasema hivyo, hakuna atakayeniona najidai, watakaa wanisikilize. Maana kosa lile mtu yeyote wa kwetu angelifanya, tena kwa moyo mweupe kabisa. Mimi nataka liishie kwangu."